Ushahidi wa Sajini Pryke

Nilikwenda vitani kumtafuta mtu mmoja. Alikuwa Mwingereza kama mimi, jina lake Gervase Ashlake, na wale Wajerumani wote waliojipanga njiani niliwahesabu kuwa usumbufu tu.

Nilijiandikisha jeshini Ballarat mwaka 1915. Wakati huo nilikuwa nimemaliza miaka sita Australia, kule Mallee, nikichoma vichaka na kulima ngano. Jua lilikuwa limenibabua mpaka shingo. Lakini nilipofungua mdomo tu, lafudhi yote ya kwetu Suffolk, Uingereza, ikatoka, na karani akacheka, akanipa jina wanalotutania nalo Waingereza.

"Kumbe Pomi! Haya Pomi, kwa nini unataka kupigana?"

"Nataka kufika kwetu bure," nikasema.

Foleni nzima ikaangua kicheko. Nyuma yangu lilisimama jitu moja lenye nywele nyekundu, mkata manyoya ya kondoo, jina lake Clarrie Dunphy. Akanipiga bega nusura nianguke.

"Mwoneni huyu! Kavuka bahari zote kuja kwetu, sasa anarudi kulekule akauawe. Si ungebaki kwenu, bwana wee, ukafa karibu na mama yako?"

Ndivyo nilivyompata Clarrie. Sikumwambia sababu yangu siku hiyo. Nilimwambia mwaka uliofuata, kule Pozières, Ufaransa, tulipokuwa tumelala kifudifudi kwenye shimo huku makombora yakichimbua hata makaburi. Mtu akidhani anakufa hupenda kueleza mambo yake.

Sababu yenyewe ni hii. Novemba mwaka 1908, kwenye shamba la akina Ashlake, palikuwa na uwindaji wa kwale. Mabwana husimama upande mmoja na bunduki zao za marisau. Wanakijiji hupangwa mstari upande wa pili wa msitu, wakatembea sawasawa wakigonga miti kwa fimbo, ndege waruke kuelekea kwa mabwana. Kuna sheria moja ambayo hata mjinga anaijua: ndege akirukia chini kuelekea kwenye mstari wa watu, unashusha bunduki. Gervase alikuwa na miaka ishirini na moja, na marafiki zake wa chuo walikuwa wakimtazama. Hakushusha. Marisau yakampata baba yangu usoni, macho yote mawili.

Baba, Isaac Pryke, alianguka akazimia. Mlinzi wa msitu akamkimbilia, na kwa sababu hakujua la kufanya akatoa chupa yake ndogo ya brandi akammiminia mdomoni. Nusu iliingia, nusu ikamwagikia shati. Daktari alipofika akanusa. Siku ya kesi, mbele ya hakimu ambaye Jumapili hula chakula cha mchana kwa akina Ashlake, Gervase akasimama, nywele kachana vizuri, akasema: "Mzee alikuwa amelewa. Alitoka kwenye mstari akiyumba." Daktari akathibitisha harufu. Mlinzi wa msitu akatazama viatu vyake, maana alikuwa na watoto watano na nyumba ya kukaa ya bwana huyohuyo.

Sasa mjue kwamba baba yangu alikuwa Mmethodisti wa wale wa zamani. Alikula kiapo cha kutogusa pombe akiwa na miaka kumi na sita. Miaka ishirini jina lake lilikuwa kwenye orodha ya wahubiri iliyobandikwa mlangoni mwa kanisa letu dogo, na Jumapili zake alikuwa akitembea maili nane kwenda kuwahubiria watu kumi na wawili na mbwa mmoja. Baada ya hukumu ile wazee wa kanisa walimwita. Wakamwombea, wakalia, kisha wakalifuta jina. Upofu aliuvumilia. Hilo la kufutwa lilimkunja mgongo. Kabla ya Krismasi tukatolewa kwenye nyumba ya shamba, baba akaenda kukaa chumba kimoja na dada yangu Keziah, mshona nguo. Mimi nikapanda meli, nikiwa na hasira iliyoninyima usingizi mpaka Melbourne.

Kwa hiyo vita vya Gallipoli, kule Uturuki, na vya Pozières msiniulize sana. Nilipigana vizuri, nadhani. Walinipa tepe tatu za sajini kwa sababu waliokuwa nazo kabla yangu walikufa mfululizo. Kila tulipokutana na kikosi cha Waingereza barabarani, niliuliza: mnamjua Ashlake? Waaustralia wenzangu wakafanya mzaha, wakaanza kuuliza kabla yangu.

"Oya! Mnamjua Ashlake? Pomi wetu anamdai busu!"

Likizo yangu ya kwanza ilikuwa Januari 1917, nikaenda kwa baba na Keziah. Baba alipapasa kofia yangu pana iliyokunjwa upande mmoja, akapapasa mkono wa koti. Keziah akaniambia Gervase sasa ni kapteni, yuko Ufaransa.

"Nikimpata namuua, baba," nikasema.

"Ukimuua nani atasema?" Baba alikuwa na sauti ya mimbarini hata akiomba chumvi. "Namtaka mzima. Namtaka asimame kanisani, mbele ya benchi la kwanza, atamke kwa mdomo wake kwamba Isaac Pryke hakuwa amelewa. Nikishalisikia hilo, Mungu anichukue hata jioni hiyohiyo."

"Na akikataa?"

Keziah akaacha kushona.

"Mlazimishe," akasema baba.

Niliondoka na neno hilo, nikalitunza.

Nikampata Aprili 1918. Wajerumani walikuwa wamevunja mstari wa Waingereza mwezi mmoja nyuma, na sisi tukapelekwa mbio kuziba pengo. Barabara ilijaa vikongwe wa Kifaransa na mikokoteni ya magodoro, na katikati yao askari wa Kiingereza wasio na viongozi, macho yamewatoka. Mchana mmoja tukafika kwenye nyumba ya shamba iliyopigwa kombora muda mfupi kabla. Vumbi lilikuwa bado linashuka. Clarrie akasema patakuwa na chumba chini, na chumba cha chini cha Mfaransa hakikosi kitu. Alibeba gudulia la ramu la kikosi chetu, maana mimi sajini ndiye niliyegawa ramu asubuhi, na yeye ndiye niliyemwamini asilimalize.

Tuliposhuka na kuwasha mshumaa tukaona ofisa ameketi sakafuni, ameegemea pipa. Hakuwa na hata mchubuko. Mdomo wazi, mikono inatetemeka, vumbi jeupe limemjaa hadi kope. Clarrie akamwita, hakusikia. Akampungia mkono mbele ya macho, wapi. Nilishaona watu wengi namna hiyo. Kombora hupiga juu yako, likakuachia mwili likaondoka na akili. Wengi hurudi baada ya siku mbili tatu.

"Maskini," akasema Clarrie. Kwake yeye ramu ilikuwa dawa ya homa, ya huzuni na ya kuumwa na nyoka. Akamshika kidevu, akammiminia. Nusu iliingia, nusu ikamwagikia koti.

Mimi nilisogeza mshumaa karibu. Masharubu yalikuwa mapya, ila sura ilikuwa ileile.

"Clarrie," nikasema. "Ndiye."

"Ndiye nani?"

"Ashlake."

Clarrie akaweka gudulia chini polepole. Akanitazama, akamtazama yule, akanitazama tena.

"Mimi natoka kuvuta sigara," akasema. "Nitavuta mbili. Wajerumani wako pale tu kwenye reli, Reuben, na leo watu wanakufa ovyo ovyo. Hakuna atakayeuliza."

Akapanda ngazi akasimama juu. Nilichomoa singe. Miaka kumi nilikuwa nimeipanga dakika hiyo, nimeandaa mpaka hotuba. Nikamwekea ncha chini ya jicho la kushoto. Akanitazama, akatabasamu kama mtoto aliyeamshwa. Hakunijua. Hakuijua hata singe. Nitamchinjaje mtu asiyejua anachinjwa kwa ajili gani? Nilitaka ajue! Nilitaka aombe! Hasira ilinipanda mpaka machozi yakanitoka, nikaanza kumpiga makofi aamke, jamani, aamke nimuue.

Hapo nikasikia buti nyingi kwenye ngazi. Akashuka kanali wa Kiingereza, mzee mwenye uso wa kuchoka, na polisi wawili wa jeshi. Nikarudisha singe haraka. Kanali alikuwa akimtafuta ofisa aliyewaacha watu wake sitini peke yao kule kwenye reli tangu asubuhi. Alipomwona akaita: "Ashlake! Simama!" Na yule, sijui jina lake lilimgusa wapi, akajaribu kusimama. Akayumba, akashika pipa, akaanguka. Kanali akainama. Nikaona pua yake ikicheza.

Akanigeukia mimi.

"Sajini, mtu huyu amelewa?"

Nawaambieni, sikutafuta neno lolote. Lilikuwa limekaa tayari mdomoni mwangu tangu 1908, likiningoja.

"Ndiyo, afande," nikasema. "Amelewa. Tumemkuta hivihivi, anayumba."

Juu ya ngazi Clarrie alikuwa amesogea pembeni, gudulia kalificha nyuma ya mgongo. Polisi wakamkokota Gervase wakampitisha mbele yangu, na visigino vyake vilikuwa vikigonga kila ngazi. Watu husema kisasi kikifika hakina ladha. Uongo mtupu. Kilikuwa kitamu, na nilikula mpaka nikashiba.

Mahakama ya kijeshi ilikaa wiki tatu baadaye katika darasa la shule, ramani ya Ufaransa ukutani. Daktari wa jeshi akathibitisha harufu. Clarrie akashika Biblia akaapa kama mtu anayeagiza bia. Nami nikaapa. Gervase alikuwa amepata akili zake, ila ile siku yenyewe haikumrudia. Alikumbuka kwamba alikuwa akiandika amri, kisha kitu cheupe, kisha kitanda cha mahabusu. Waliponiita kwa jina akainua kichwa. Akapewa nafasi ya kuniuliza.

"Pryke," akasema. "Wa kwetu?"

"Wa kwenu."

Hakuuliza swali lingine. Walimfukuza jeshini kwa aibu, wakamkata alama za cheo.

Nilimkuta uani akisubiri gari. Clarrie alisimama mlangoni asipite mtu. Gervase alikuwa mweupe kama karatasi, lakini alisimama wima, hilo nampa.

"Mimi sikulewa," akaniambia. "Unajua hivyo."

"Najua. Ramu tulikunywesha sisi, ulikuwa huna fahamu."

Nilimwona anafika mwenyewe, hatua kwa hatua, mpaka kwenye ule msitu.

"Ni kwa sababu ya baba yako."

"Sasa sikia. Baba yangu bado yu hai. Nenda kanisani kwetu Jumapili yoyote, simama, sema ulimpiga kwa uzembe na ukamsingizia pombe. Siku hiyohiyo na mimi naenda kwa kanali wako naeleza yangu. Nitafungwa, sijali. Utarudishiwa kila kitu."

Nilidhani atalikubali haraka. Mtu gani asingelikubali? Lakini akatikisa kichwa.

"Mama yangu hukaa mezani na yule hakimu," akasema. "Nikisema hivyo, nyumba yetu nzima itaonekana ilikula kiapo cha uongo. Heri wanione mlevi."

"Basi utakuwa mlevi mpaka ufe," nikamwambia, nikatema mate karibu na kiatu chake.

"Jamaa kiburi hicho!" Clarrie akasema tukiondoka. "Angekuwa kondoo ningemkata na ngozi yake."

Julai nikapata likizo tena. Katika treni ya kwenda Suffolk nilikuwa nikipiga mluzi. Habari ilikuwa imenitangulia. Hata mbeba mizigo wa stesheni aliniambia kijana wa Jumba Kubwa la akina Ashlake amerudishwa kwa ulevi, hatoki nje, mama yake hafungui mapazia. Nikampa sigara mbili kwa kunipa habari njema. Nikaingia chumbani kwa Keziah kama bwana arusi.

Baba aliketi mezani, kipande cha mkate mkononi.

"Wanasema Gervase Ashlake alilewa mbele ya adui," akasema. "Nimemwombea. Pombe ni kitu kibaya."

"Hakulewa, baba!" Nikacheka. "Utamu wenyewe ndio huo. Hakuonja hata tone."

Nikamweleza yote: chumba cha chini, gudulia la Clarrie, koti lililolowa, kanali na pua yake. Nilieleza vizuri, kwa madoido. Nilipofika kwenye lile neno nililitamka kwa sauti ileile ya Gervase ya mwaka 1908, maana nilikuwa naijua vizuri. Keziah alishika mdomo. Baba aliweka mkate juu ya meza.

"Uliapa?"

"Niliapa."

"Juu ya Kitabu?"

"Baba, na yeye aliapa juu ya Kitabu!"

"Kwa hiyo yuko ndani ya nyumba ile sasa hivi," akasema baba taratibu, "na watu wanasema amelewa, na yeye anajua hakulewa, na hakuna anayemwamini."

"Ndiyo! Kila siku anapoamka!"

"Najua hali hiyo ilivyo," akasema baba.

Akanyanyuka, akatafuta fimbo yake kwa mkono.

"Nipeleke Jumba Kubwa, Reuben. Namwambia mama yake."

Nilidhani sikusikia. "Unakwenda wapi?"

"Umesikia."

"Wewe mwenyewe uliniambia nimlazimishe!"

"Nilikwambia umlazimishe aseme kweli. Sikukutuma ukaseme uongo kwa niaba yangu."

"Kwa niaba yako nimekula panya!" Nilikuwa nimeanza kupiga kelele, na sikuona haya. "Kwa niaba yako nimelala na maiti! Miaka kumi, baba! Nimekuletea kichwa chake kwenye sinia, na wewe unataka kukirudisha shingoni?"

"Nipeleke, mwanangu."

"Sikupeleki."

"Keziah," akaita baba.

"Keziah, ukimshika mkono nakuapia hunioni tena."

Keziah alikaa palepale, analia. Baba hakumngoja. Alifungua mlango, akagonga ukingo wa njia kwa fimbo, akaenda. Ni maili mbili hadi Jumba Kubwa, na yeye alikuwa ameitembea njia hiyo miaka thelathini kabla ya kupofuliwa. Nikamfuata mpaka kizingitini.

"Yeye hatakusafisha wewe!" nikamwita. "Unasikia, mzee? Utamrudishia jina lake, na lako hatakupa!"

"Najua," akajibu, hakugeuka.

Nilikaa nikala ule mkate wake kwa hasira. Aliporudi jua lilikuwa limeshazama, magoti yamechafuka matope, maana alikuwa ameanguka mahali. Hakusema alichoambiwa kule. Mimi nilikuwa nimefunga mfuko wangu tayari. Nikaondoka bila kumuaga.

Septemba, nikiwa nimerudi Ufaransa, wakaniita. Ofisini walikuwa wawili: mwanasheria wa Kiingereza mwenye makaratasi, na meja wetu wa Kiaustralia, Lachlan Urquhart, mtu wa ng'ombe kutoka Queensland aliyenipenda. Mezani palikuwa na maelezo ya baba, yameandikwa na mtu mwingine, chini ameweka alama yake ya msalaba.

"Sajini," akasema meja, "mimi na wewe tuyamalize haya tukanywe chai. Dunphy kaulizwa, kasema hakukuwa na ramu yoyote siku ile, gudulia lilivunjika asubuhi. Safi. Limebaki hili karatasi la mzee. Huyu bwana ameniletea kumbukumbu: mzee ni kipofu, ana miaka sabini, na hata kanisa lake lilimwondoa kwa ulevi. Sasa ukituambia mzee kachanganyikiwa, au ana tabia ya kutunga, basi. Faili linafungwa leo."

Alinikonyeza kidogo. Alikuwa ananifungulia mlango, Mungu ambariki.

Mwanasheria akashika kalamu. "Niandike nini? Baba yako anasema uongo?"

Kumsingizia Gervase ningeweza kutwa kucha, mbele ya mfalme, mbele ya malaika. Nilifungua mdomo niseme ndiyo. Nilitaka kusema ndiyo. Nikaiona ile kalamu imeshuka mpaka kwenye karatasi, tayari kuandika juu ya Isaac Pryke kitu kilekile walichoandika 1908, na safari hii mwandikishaji ni mimi.

"Baba yangu hajawahi kusema uongo maishani mwake," nikasema. "Andika hivyo kwanza."

Meja Urquhart akafumba macho. "Reuben, acha ujinga."

"Andika. Halafu andika kwamba ramu nilimnywesha mimi, peke yangu. Dunphy alikuwa juu anavuta sigara, hakuona kitu."

Nikawapa yote. Nikawapa na ya 1908, mwanzo mpaka mwisho, marisau na brandi na hakimu. Mwanasheria aliandika, kisha akarudi nyuma akachora mstari juu ya sehemu hiyo. Nikamuuliza kwa nini. Akasema haihusiani na shauri lililo mbele yake.

Nilivuliwa tepe tatu nikafungwa miezi tisa. Waingereza walinuna kwamba sisi jeshi letu haliui watu wake kwa hukumu, ningekuwa wa kwao wangenipa zaidi. Gervase alirudishiwa ukapteni wiki ileile vita vilipokwisha. Jina la baba halikurudi kwenye orodha ya wahubiri. Kapteni Ashlake hakukanyaga kanisa letu, na mwaka 1920 yeye ndiye aliyefunua jiwe la mashujaa wa kijiji, akasoma majina kwa sauti nzuri, na watu wakampigia makofi. Baba alikuwepo, amesimama nyuma. Keziah ndiye aliyeniandikia hayo, mimi nikiwa nimesharudi Mallee bila kupitia Suffolk.

Watu hudhani ninayemchukia mpaka leo ni Gervase. Gervase nilimzoea, nimemchukia toka ujana wangu, ni kama kidonda cha mguu, unatembea nacho. Sikuweza kumsamehe baba. Alinipokonya kitu pekee nilichokipata katika vita vile, akambebea adui yangu mpaka mlangoni, kwa miguu, akianguka njiani, kisha akaniacha mbele ya kalamu ile nichague. Alijua nitachagua nini. Hilo ndilo linaloniuma: alijua.

Desemba 1921 barua ya Keziah ikanifikia. Baba hawezi tena kutoka kitandani, aliandika, na kila jioni anauliza kama Reuben bado amekasirika. Nitumie neno moja tu, akaniomba, hata kama ni dogo, nimsomee. Ngano ilikuwa imeiva, joto limepanda, na Clarrie, ambaye sasa nililima naye pamoja, aliisoma juu ya bega langu.

"Mjibu mzee, Reuben," akasema. "Leo hii. Nitaipeleka posta mwenyewe."

"Nina mavuno," nikamwambia, nikaitia mfukoni, nikapanda mashine.

Barua ya pili ilikuja Februari, bahasha ina ukingo mweusi wa tanzia. Hiyo niliijibu siku ileile.